Mfumo Ukianguka, Pengo Hubebwa na Nani?

Kila mara mfumo wa kompyuta wa taasisi ya umma unapoanguka, sisi wananchi huuliza maswali mawili. La kwanza, utarudi lini? La pili, nani awajibishwe? Maswali yote mawili ni ya haki. Hata hivyo, yanaliruka swali la tatu, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote: mfumo huo ukirudi, utaendelea kuanzia wapi? Kati ya dakika ya mwisho ambayo mfumo unaikumbuka kwa uhakika na dakika ulipozimika kuna pengo. Ndani ya pengo hilo mna malipo ya watu, kilo za mazao, majina ya wagonjwa na majibu ya vipimo vyao. Hoja yangu katika makala haya ni moja: ukubwa wa pengo hilo hauji kwa ajali, bali hutokana na uamuzi. Na kwa kuwa ni uamuzi unaogusa mali na haki za watu, haufai kuachwa mikononi mwa fundi peke yake.

Mimi si mhandisi wa kompyuta. Ninafundisha mambo ya utawala na sera, na wengi wa wanafunzi wangu watakuwa, au tayari ni, watumishi wa umma. Nimezoea kuwasikia wakisema kwamba habari za seva na kanzidata ni za "watu wa TEHAMA". Kauli hiyo ni ya hatari. Mkuu wa idara asiyejua hesabu hawezi kukwepa lawama ya hasara kwa kusema kwamba hesabu ni za mhasibu. Vivyo hivyo, kiongozi ambaye ofisi yake nzima imehamia kwenye kompyuta hawezi kusema kwamba kumbukumbu za ofisi hiyo ni jambo la chumba cha seva.

Tuanze na jambo lenyewe, na tulitazame tukiwa Nyamuswa. Nyamuswa ni kata iliyo mashariki ya mji wa Bunda, mkoani Mara, katika nchi ya Waikizu. Huko pamba ni zao la fedha, na mkulima huipeleka kwenye chama chake cha msingi cha ushirika, yaani AMCOS. Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mmoja amefikisha kilo 80 za pamba ghalani. Karani anapoziingiza katika kompyuta, mashine haiandiki jambo moja, huandika matatu: inaongeza kilo 80 katika jina la mama huyo, inaongeza kilo 80 katika hesabu ya ghala, na inaandika deni ambalo chama kinadaiwa naye. Mambo hayo matatu ni muamala mmoja. Sasa umeme ukikatika baada ya jambo la pili na kabla ya la tatu, ghala litakuwa na pamba ambayo hakuna anayeidai. Mashine ikiwashwa upya bila kujua kwamba iliachia kazi njiani, itaamini hivyo milele.

Tatizo hili lina umri wa kizazi kizima kabla ya intaneti kutufikia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Mmarekani Charles Bachman, akiwa katika kampuni ya General Electric, alibuni mojawapo ya kanzidata za kwanza duniani. Baadaye, mwaka 1971, kamati ya wataalamu iliyojulikana kama CODASYL ikatoa taarifa iliyoweka misingi ya kile kilichoitwa kanzidata ya kimtandao. Neno "mtandao" hapa halina maana ya intaneti. Maana yake ni kwamba kila kumbukumbu ndani ya kompyuta hubeba anwani ya kumbukumbu nyingine inayohusiana nayo: mkulima anaelekeza kwenye magunia yake, gunia la kwanza linaelekeza kwenye la pili, la mwisho linarudi kwa mkulima. Mwaka 1973 Bachman alitunukiwa tuzo ya Turing kwa kazi hiyo, na kanzidata za namna hii zikaendesha benki, viwanda na serikali kwenye kompyuta kuu, zile mashine zilizojaza vyumba.

Uzuri wa mpangilio huo ndio uliokuwa udhaifu wake. Kumbukumbu zilikuwa kama shanga katika uzi mmoja. Umeme ukikatika wakati ushanga mmoja unatungwa, ushanga huo haupotei peke yake, kwa sababu uzi wote hukatika na kumbukumbu zilizo mbele yake hazifikiki tena, hata kama bado zimo ndani ya diski. Kwa sababu hiyo, wahandisi wa kompyuta kuu walilazimika kujibu mapema swali ambalo sisi tunaendelea kulikwepa: mashine ikizimika ghafla, itajuaje mahali pa kuanzia?

Jibu lao lilikuwa na sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni shajara ya miamala. Kabla ya kugusa kumbukumbu yoyote, mashine huandika kwanza katika shajara: ilivyokuwa kabla, itakavyokuwa baada ya badiliko, na ni muamala wa nani. Sehemu ya pili ni faili la chekipointi. Kila baada ya muda uliopangwa, mashine hutua kidogo, huhamishia kwenye diski kila kilichokuwa kinaelea katika kumbukumbu yake ya muda, kisha huweka alama isemayo: hadi hapa kila kitu kiko sawa, na miamala iliyo njiani ni hii na hii. Nitaiita alama ya kurejea.

Mashine ikiwashwa upya, huitafuta alama ya mwisho, kisha husoma shajara. Muamala uliokamilika baada ya alama hurudiwa ili usipotee. Muamala ulioishia njiani, kama ule wa kilo 80, hufutwa wote, hata sehemu zake zilizokwisha kuandikwa, ili karani auingize upya kuanzia mwanzo. Hakuna nusu. Wahandisi makini waliongeza masharti mawili: kuwe na mafaili mawili ya chekipointi yanayoandikwa kwa zamu, kwa kuwa umeme unaweza kukatika wakati alama yenyewe inaandikwa, na shajara isikae kwenye diski moja na data inayoilinda. Kanuni hizo bado zinatawala kanzidata za leo, hata zile ambazo hazitungwi tena kama shanga.

Hapo ndipo ufundi unapogeuka kuwa siasa. Ukiweka alama mara chache, mashine hutumia muda mrefu kusoma shajara ndefu kabla ya kuhudumia watu. Ukiweka mara nyingi mno, mashine inapunguza kasi ya kazi kwa kutua tua. Na kama shajara imehifadhiwa mahali salama, muamala uliothibitishwa haupotei hata diski ya data ikifa. Lakini kama shajara, alama na data vimekaa pamoja kwenye kompyuta moja iliyo kwenye kona ya ofisi, diski ile ikiungua kila kitu kinarudi nyuma hadi nakala ya mwisho iliyopelekwa mahali pengine. Kama nakala hiyo ilipelekwa jana usiku, pengo ni la siku moja. Kama ilipelekwa mwezi uliopita, pengo ni la mwezi. Aliyepanga ratiba hiyo amepanga pia kiasi cha mali ya watu kinachoruhusiwa kupotea, hata kama hakuna kikao kilichomuuliza.

Tena pengo halibebwi na wote kwa usawa. Mfanyabiashara mkubwa ana mhasibu, ana nakala za barua pepe, ana wakili. Mtumishi wa mjini anaweza kurudi ofisini mara tatu kwa wiki kufuatilia. Mkulima wa Nyamuswa hulipa nauli kila anapofuatilia, na anachoulizwa dirishani ni kimoja: "Una uthibitisho gani?" Mjamzito ambaye kumbukumbu zake za kliniki hazimo tena kwenye kompyuta huanza upya kueleza historia ya mimba zake kwa mhudumu asiyemfahamu. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mabadiliko yaliyotokea katika zama zetu ni kwamba daftari limeondoka mikononi mwa mwenye mali. Sasa liko kwenye mashine asiyoiona, na likipotea, ni yeye anayetakiwa kuthibitisha kwamba lilikuwapo.

Historia yetu inaonyesha kwamba si mara ya kwanza kwetu kukutana na jambo hili. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha, mashine ya aina ya ICT 1500. Jitihada za kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta katika miaka iliyofuata hazikuleta matunda yaliyotarajiwa, na mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini isipokuwa kwa kibali maalumu. Zipo sababu za kiuchumi zilizoelezea uamuzi huo, na fedha za kigeni zilikuwa chache. Lakini somo la kiutawala linabaki. Tulikuwa na tatizo la nidhamu ya kumbukumbu na uhaba wa wataalamu, tukalijibu kwa kukifungia chombo nje ya mlango. Chombo kilirudi baada ya miaka, na tatizo likakikuta kikiingia.

Karibu nusu karne baadaye tulijibu kwa namna nyingine. Mei 2021 mfumo wa LUKU ulipata hitilafu, na kwa siku kadhaa wananchi wengi wakashindwa kununua umeme. Waziri wa Nishati wa wakati huo, Dkt. Medard Kalemani, aliagiza wakuu wa TEHAMA wa TANESCO wasimamishwe kazi. Sipingi uwajibikaji. Ninachosema ni kwamba mjadala wa umma uliishia kwa majina ya watu. Sikusikia barazani wala bungeni hoja ikishupaliwa kuhusu zoezi la mwisho la urejeshaji: lilifanyika lini, lilichukua saa ngapi, na nini kilibainika. Tukimwondoa mtu na kuacha ratiba ileile ya nakala na mazoezi, tumebadilisha jina kwenye mlango tu, na pengo limebaki na upana wake.

Linganisha na kilichoipata kampuni ya GitLab, inayohifadhi kazi za waandishi wa programu duniani. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wake, akihangaika usiku kutatua tatizo, alifuta kanzidata isiyo sahihi. Walipokimbilia nakala rudufu, wakakuta kwamba njia zao mbalimbali za kuhifadhi nakala hazikuwa zikifanya kazi kama walivyodhani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mmoja wao alikuwa ameichukua saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Walipoteza data za takriban saa sita. Kampuni iliendesha urejeshaji hadharani, watu wakitazama, kisha ikachapisha maelezo kamili ya chanzo na marekebisho. Nakala zilikuwapo kwenye karatasi za sera, lakini hakuna aliyekuwa amejaribu kurejea kutoka kwazo. Nakala isiyojaribiwa ni imani tu, na imani haiwezi kurejesha muamala.

Wala tusidhani kwamba fedha pekee ingelitatua hili. Korea Kusini ni miongoni mwa serikali zilizoendelea sana duniani katika matumizi ya mtandao. Tarehe 26 Septemba 2025 moto ulizuka katika kituo cha data cha serikali mjini Daejeon, na mifumo 709 ikasimama. Hifadhi ya mafaili ya watumishi wa umma, iliyoitwa G-Drive, iliteketea ikiwa na terabaiti 858 za data, bila nakala mahali pengine. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba hifadhi hiyo ilikuwa kubwa mno kuwekewa nakala ya nje. Tafakari maneno hayo: kitu kilikuwa kikubwa mno kulindwa, lakini hakikuwa kikubwa mno kutegemewa. Nchi tajiri ilifanya uamuzi kuhusu pengo, na pengo likawa la tangu mwanzo.

Shajara ina kazi nyingine inayowahusu wanaharakati moja kwa moja, nayo ni ushahidi. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilibatilisha uchaguzi wa rais wa Agosti 8. Katika shauri hilo mahakama iliamuru Tume ya Uchaguzi iruhusu seva na kumbukumbu za matumizi yake zikaguliwe kwa kusomwa tu. Tume haikutekeleza amri hiyo kikamilifu, na majaji walio wengi wakalihesabu jambo hilo dhidi yake. Funzo lake linavuka mpaka wa Sirari. Shajara ileile inayoiambia mashine mahali pa kuanzia ndiyo inayomwambia hakimu nani alibadilisha nini, na saa ngapi. Taasisi isiyoweza kuonyesha shajara yake haiwezi kusema "mfumo ulianguka" na kutarajia kuaminiwa kwa neno lake tu.

Waikizu wenyewe wana mfano mzuri wa nakala iliyowekwa mbali. Historia yao, iliyoandikwa kwa Kiswahili na wazee wa huko P. M. Mturi na S. Sasora, ilichapishwa mwaka 2003 katika kitabu cha historia za Mara ya Kusini kilichohaririwa na Jan Bender Shetler. Kumbukumbu hiyo haikai tena katika vichwa vya wazee peke yao wala katika nyumba moja. Moto wa nyumba moja haufuti historia ya kabila. Kinachotuzuia kuzifanyia kumbukumbu za pamba na za wagonjwa wa leo heshima hiyohiyo si ugumu wa teknolojia.

Najua nitajibiwa kwamba tunayo Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, tunayo Mamlaka ya Serikali Mtandao, na tunacho Kituo cha Taifa cha Data pale Kijitonyama. Ni kweli, na hayo ni mafanikio. Lakini kituo cha Dar es Salaam hulinda kile tu kilichofika Dar es Salaam. Tangu mifumo kama GoTHOMIS ya vituo vya afya na FFARS ya hesabu za shule na zahanati ianze kushuka hadi ngazi za chini, ukweli wa nchi unazaliwa kwenye meza za vijijini, mahali ambapo umeme na intaneti havina uhakika. Aprili 1, 2024 hitilafu ya gridi ya taifa iliacha sehemu kubwa ya nchi gizani. Siku kama hiyo, dhamana ya mwananchi ni alama ya mwisho iliyowekwa katika kompyuta ya karibu naye, na nakala ya mwisho iliyofaulu kuondoka kijijini. Sheria nzuri na jengo zuri havijazi nafasi ya ratiba iliyosahaulika.

Wengine watasema kwamba kuyatangaza mambo haya ni kuwapa wahalifu ramani. Siombi ramani. Siombi anwani za seva wala nywila. Ninaomba hesabu mbili ambazo mteja yeyote wa benki angepaswa kuzijua: mkianguka sasa hivi, mnaweza kupoteza taarifa za muda gani kwa kiwango cha juu, na mtachukua muda gani kurudi? Mwizi hafaidiki kwa kujua kwamba halmashauri inaweza kupoteza data za dakika 15. Mkulima anafaidika sana kujua kwamba inaweza kupoteza za siku 15.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo manne. Kwanza, kila taasisi ya umma iandike hesabu hizo mbili katika mkataba wake wa huduma kwa mteja, ule unaobandikwa ukutani, na mkuu wa taasisi ndiye aidhinishe, si fundi. Pili, zoezi la kurejesha mfumo kutoka kwenye nakala lifanyike angalau mara mbili kwa mwaka, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali aulize matokeo yake kama anavyouliza hati za malipo. Tatu, mahali penye umeme wa mashaka pasifungwe kompyuta bila betri ya akiba inayotosha mashine kuweka alama yake na kuzimwa kwa utaratibu. Gharama ya betri hiyo ni ndogo ukilinganisha na msimu mmoja wa pamba uliochanganyika hesabu.

La nne ndilo la haki. Iwe kanuni iliyoandikwa kwamba kwa muamala ulioangukia ndani ya pengo, stakabadhi ya karatasi au ujumbe wa simu alionao mwananchi huchukuliwa kuwa kweli hadi taasisi ithibitishe vinginevyo. Mzigo wa uthibitisho umwendee aliyepanga ratiba ya alama, si aliyesimama kwenye foleni. Nina hakika kwamba siku pengo litakapoanza kuzigharimu taasisi zenyewe, litapungua haraka kuliko litakavyopungua kwa waraka wowote.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mifumo itaanguka; umeme utakatika, diski zitaungua, nyaya za baharini zitakatika, na binadamu aliyechoka atafuta kitu asichopaswa kufuta. Hakuna aibu katika kuanguka. Aibu ni kuwashwa upya bila kujua ulipoishia, kisha kumtaka mkulima akukumbushe. Mtumishi wa umma unayesoma makala haya, kesho ukifika ofisini muulize mtaalamu wako wa TEHAMA ni lini mara ya mwisho mlirejesha data kutoka kwenye nakala, na usiridhike na jibu la kwamba nakala zipo. Mwanaharakati, mfumo ukianguka tena, kabla ya kudai jina la wa kufukuzwa, dai saa ya alama ya mwisho. Nawe mwanafunzi wangu, usiseme tena kwamba hayo ni ya watu wa TEHAMA.